Kusoma Kunakofika Mlangoni pa Jirani

Kama nyumba ya Mururu, hapa kwetu Rusizi, magharibi ya Rwanda, ina kitabu kimoja tu, aghalabu kitabu hicho ni Biblia. Iko ya Kinyarwanda, iko ya Kifaransa iliyosalia tangu zama za shule za zamani, na iko ya Kiswahili kwa wale waliokulia Kamembe au waliowahi kukaa Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi. Na siku ya ibada, Jumamosi kwa hawa na Jumapili kwa wale, vitabu hivyo huonekana njiani vimekumbatiwa vifuani, vikipanda na kushuka vilima vyetu kwa staha ambayo vitabu vingine havipewi. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu, wala sitaki msomaji adhani kuwa naandika ili kulitweza. Nataka kuuliza swali moja, nikiiuliza nafsi yangu kwanza, kisha ndugu zangu wa madhehebu yote: kitabu kikisha kufungwa na kurudishwa mahali pake, ni tendo gani litendekalo siku ya pili ambalo lisingalitendeka kama kitabu kile kisingalifunguliwa? Rai yangu ni kwamba usomaji wa Maandiko haujatimia mpaka umefika mlangoni pa jirani, jirani mwenye jina na sura, na kwamba kuiahirisha safari hiyo fupi, kutoka ukurasani hadi mlangoni, ndio msiba mkubwa wa Ukristo wetu.

Kitabu hiki kilitufikia kwa jasho la watu wengi. Ludwig Krapf alipowasili Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule aliomzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji, mwanachuoni wa Kiislamu ambaye hakumfanyia choyo cha lugha yake. Edward Steere, askofu wa Unguja, aliiendeleza kazi ya kufasiri kwa bidii kubwa, na Biblia nzima ya Kiswahili ikapigwa chapa mwaka 1891, miaka tisa baada ya kufariki kwake. Kisha mwaka 1952 ikatoka ile tafsiri ya muungano ambayo imesomwa kutoka pwani hata kwenye maziwa makuu. Kwa Wanyarwanda, Agano Jipya lilitoka mwaka 1931 kwa juhudi ya Harold Guillebaud na wenyeji waliofanya kazi pamoja naye. Hapa Rusizi, Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufika Mibilizi tangu mwaka 1903, na Wapentekoste wa Uswidi wakafungua misheni yao Gihundwe, kando ya Kamembe, mwaka 1940. Basi Neno limehubiriwa katika vilima hivi kwa zaidi ya miaka mia moja, na udhuru wa mtu aliyesikia jana hatunao tena.

Kama kuwa na kitabu na kukiheshimu kungalitosha, historia yetu ingalikuwa nyingine. Walakini Maandiko yaliyosomwa kwa haraka, au yaliyosomwa na mtu ambaye amekwisha kuamua moyoni atakachokikuta, yaweza kugeuzwa kuwa silaha, na hakuna nchi inayolijua hilo kuliko Rwanda. Kwa karne nyingi sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo ilitumiwa katika nchi za mbali kuhalalisha utumwa wa watu weusi, waliodaiwa kuwa uzao wa Hamu aliyelaaniwa. Kisha, katika karne ya 19, jina lilelile la Hamu likageuzwa na kupewa jamii zilizodaiwa kuwa bora kuliko Waafrika wengine. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu cha safari zake alichokichapisha mwaka 1863, alidai kuwa watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa watu wa asili ya Uhabeshi. Dhana hiyo ikalelewa na wasomi na watawala wa kikoloni, ikafundishwa darasani, mpaka watu waliosema lugha moja, wakalima kilima kimoja na kuoana, wakaaminishwa kuwa baadhi yao ni wenyeji na baadhi ni wageni.

Mtu yeyote ambaye angaliifungua sura ile kwa utulivu, hata bila ya elimu kubwa, angaliona mambo matatu yaliyo wazi: kwamba laana inayosimuliwa pale ilitamkwa na Nuhu baada ya kulevuka, wala haikutamkwa na Mungu, kwamba aliyetajwa katika laana hiyo ni Kanaani, ilhali Hamu mwenyewe hakulaaniwa, na kwamba hapana neno hata moja mahali pale juu ya rangi ya mtu, wala urefu wake, wala pua yake. Mambo hayo matatu yaliandikwa waziwazi, na vizazi vya wasomaji viliyapita kama wasafiri wapitao usiku. Matokeo tuliyaona. Mwezi wa Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha amri kumi za chuki, likiazima umbo la zile amri alizopewa Musa ili kuwakataza watu kuwahurumia majirani zao. Na tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati wa watu kwamba Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Waliomsikiliza wengi wao walikuwa wamebatizwa, na umbo la amri kumi walilijua tangu utotoni.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1991, takriban Wanyarwanda tisa kati ya kila kumi walijitaja kuwa Wakristo. Miaka mitatu baadaye, tangu tarehe 7 Aprili 1994 na kwa muda wa siku mia moja, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu zaidi ya milioni moja, na wengi waliuawa ndani ya makanisa ambamo walikimbilia wakidhani kuwa mahali paliposomwa Neno pana usalama: Nyamata, Ntarama na Nyarubuye, na huku kwetu Mibilizi, Shangi na Nyamasheke. Tarehe 20 Novemba 2016 maaskofu wa Kikatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya waumini walioshiriki katika uovu ule, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake. Siandiki haya ili kufukua kidonda. Nayaandika kwa sababu mtu anayesema kwamba tatizo letu ni uchache wa Biblia, au uchache wa mahubiri, hana budi kuyakabili. Mahubiri yalikuwapo na Biblia zilikuwapo. Lakini kwa wengi maneno yale yalikuwa yameishia kanisani, na siku ilipofika ya kuyapeleka mlangoni pa jirani, njia ya kwenda huko haikuwa imekanyagwa na mguu wao hata mara moja.

Ni haki kusema pia kwamba wapo ambao njia hiyo walikuwa wameizoea. Felicitas Niyitegeka, aliyekuwa mtawa mlei huko Gisenyi, upande wa pili wa ziwa Kivu, aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Na nduguye, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alipomsihi ajiokoe, alikataa kuwaacha wale aliokuwa nao, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Ushujaa wa namna hiyo haupatikani kwa dharura. Saa ya mtihani mkubwa humkuta mtu na ada alizojijengea katika siku ndogondogo ambazo hakuna aliyemtazama.

Sasa, kusoma kwa makini ni nini? Sijui mahali panapolijibu swali hili vizuri kuliko sura ya 10 ya Injili ya Luka. Mwanasheria mmoja alimwendea Yesu na swali juu ya uzima wa milele, naye Yesu, badala ya kumpa jibu, alimuuliza kilichoandikwa katika torati na jinsi yeye mwenyewe anavyokisoma. Yule bwana akajibu kwa ufasaha, akasifiwa kwa jibu lake, kisha akaagizwa akatende. Hapo ndipo alipotafuta pa kujificha, akauliza jirani ni nani. Na jibu alilopewa ni kile kisa cha mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akapitwa na kuhani na Mlawi, watu wawili ambao bila ya shaka torati waliijua, akasaidiwa na Msamaria. Msomaji wa haraka hutoka na funzo kwamba yafaa kuwa mwema. Msomaji wa makini huona kuwa wema ule umehesabiwa: kuna mafuta na divai, kuna mnyama ambaye mwenyewe ameshuka ili mwingine apande, kuna usiku mmoja katika nyumba ya wageni, kuna dinari mbili zilizolipwa taslimu, na kuna ahadi ya kulipa kitakachozidi. Huruma ya Msamaria ilimgharimu muda, fedha na safari yake. Na maneno ya mwisho ya kisa chote ni agizo lilelile la mwanzo, kwenda na kutenda, kana kwamba Bwana alijua kuwa mtu aweza kuusifu mfano ule na kurudi nyumbani alivyokuja.

Mfano wa pili ni wa Mwafrika mwenzetu, yule towashi wa malkia wa Wakushi, anayesimuliwa katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye dhamana ya hazina, na alikuwa akisoma kitabu cha Isaya garini mwake kwa sauti, hata Filipo aliyelikimbilia gari akamsikia. Alipoulizwa kama anayaelewa anayoyasoma, cheo chake hakikumzuia kukiri kwamba anamhitaji wa kumwongoza. Swali lake lilikuwa swali la msomaji wa kweli: nabii huyu anasema habari za nafsi yake au za mtu mwingine? Kisha, walipofika penye maji, hakusema atalifikiria jambo hili akifika kwao. Aliuliza ni nini kinachomzuia kubatizwa, akaliamuru gari lisimame. Alisoma, akauliza, akafundishwa, akatenda, yote katika njia moja na siku moja.

Kutokana na mifano hiyo miwili twaweza kujipatia mwendo wa kusoma ambao hata mtu aliyechoka na shamba aweza kuufuata. Asome kidogo, kwa sauti, zaidi ya mara moja. Ajiulize ni nani anayesema, anamwambia nani, na ni jambo gani lililotangulia na lililofuata, kwa maana aya iliyong'olewa mahali pake yaweza kuapishwa kwa uongo wowote, kama tulivyoona. Aulize pamoja na wengine, hasa wale wasiofanana naye, ili wamwoneshe alichokipita. Na kabla ya kukifunga kitabu ataje moyoni mwake tendo moja na mtu mmoja, kwa jina, kisha aliendee tendo hilo kabla jua halijachwa. Wakatoliki wanazo jumuiya ndogo ndogo, ambamo wengi hutumia zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizoandaliwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, na Waprotestanti wana vikundi vyao vya sala nyumbani. Katika hatua hizo saba, ya sita ndiyo ya kuamua pamoja kazi itakayotendwa. Nayo, kwa jinsi niionavyo, ndiyo ipitwayo haraka kuliko zote, kwa kuwa wakati umekwenda na watu wamechoka. Laiti tungaliweza kuzifupisha nyingine ili hii ipate nafasi yake!

Sisi tuishio Mururu tuna ishara ya haja hii ya tendo machoni petu. Maji ya Ruzizi hutoka ziwa Kivu na kuteremka hata Tanganyika, yakipiga kelele usiku na mchana, na kwa dahari ya miaka kelele zake hazikumwashia mtu taa. Ni pale yalipozuiwa, yakaingizwa katika njia nyembamba na kuelekezwa kwenye mitambo, ndipo yalipotoa nguvu. Na tangu mwaka 1989 umeme wa kituo cha Ruzizi II, hapa Mururu, hugawanywa baina ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mahubiri yanayotiririka wiki baada ya wiki yanafanana na mto ule kabla ya kujengewa kituo. Sharti pawepo mahali pamoja, pembamba, ambapo Neno linalazimika kupitia katika tendo.

Mahali hapo pembamba ni wapi katika siku ya mtu wa kwetu? Ni penye mizani, kwa mama anayevusha nyanya na vitunguu kwenda masoko ya Bukavu, au anayepima samaki wadogo waitwao sambaza pwani ya ziwa. Kwa maana torati na kitabu cha Mithali vyote viwili vinaikemea mizani ya hila, na kopo lililobonyezwa chini ni mizani ya hila. Ni penye ujira wa kibarua aliyelima kutwa, ambao Walawi sura ya 19 inakataza kulazwa kwa mwajiri hata asubuhi. Ni penye mpaka wa shamba na shamba, ambapo jiwe likisogezwa hatua moja kila msimu mjane hubaki bila ya pa kupanda. Ni kitandani pa mgonjwa, ni katika deni la dukani, ni katika neno la uvumi ambalo mtu alilisikia na ana hiari ya kulimeza. Na ni mezani pa ofisi ya forodha, mahali ambapo hadhi ya dini ya mtu hupimwa bila ya shahidi.

Kwa hilo la mwisho tunaye shahidi wa karibu. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi waliokutana kuisoma Injili na kisha wakaenda kuwatafuta maskini wa mji wao. Huko Goma aliwahudumia watoto wa mitaani, na riziki yake aliipata katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Waliokuja na chakula kilichoharibika walimpa fedha ili kipite, akakataa, kwa kuwa alijua watakaokila ni watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, umri wake ukiwa miaka 26. Na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri. Jirani wa kijana huyu alikuwa mlaji asiyemjua na ambaye hakupata kumwona. Walakini alimhesabu kuwa jirani, na hesabu hiyo aliifanya akiwa kazini, saa za kazi, penye karatasi na mihuri.

Mfano mwingine umo ndani ya wilaya hiihii ya Rusizi, nao ndio mkubwa kuliko yote ninayoijua. Padri Ubald Rugirangoga wa dayosisi ya Cyangugu, aliyepadirishwa mwaka 1984, alikuwa paroko wa Nyamasheke yalipoanza mauaji ya mwaka 1994. Mama yake na jamaa zake wengi waliuawa, na waumini wake aliowafundisha yeye mwenyewe walikuwamo katika waliouawa na katika walioua. Yeye aliponea Bukavu, ng'ambo ya mto wetu. Aliporejea alipewa parokia ya Mushaka, na huko akaligusa jambo ambalo wengi tuliliogopa. Sura ya 5 ya Injili ya Mathayo inamwagiza mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, na akakumbuka kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka palepale akapatane kwanza na nduguye. Wakristo wa Rwanda tulikuwa tumeisikia aya hiyo mara nyingi. Huko Mushaka aya hiyo iligeuzwa kuwa utaratibu: waliotoka gerezani wakiwa na damu ya majirani mikononi hawakurudi mezani pa Bwana kana kwamba hapakuwa na kitu, bali walipewa mafundisho kwa muda wa miezi kadhaa, wakaenda kuomba msamaha kwa walionusurika, na walionusurika nao wakasindikizwa katika njia ngumu ya kusamehe, kisha wakapokewa hadharani mbele ya parokia nzima.

Padri yule hakuwatwika wengine mzigo ambao mwenyewe hakuubeba, kwani alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake na akawasaidia watoto wa mtu huyo katika masomo. Alifariki Marekani mwezi wa Januari 2021, lakini alichokiacha kimebaki kuwa dalili kwetu kwamba aya moja iliyosomwa kwa ukamilifu, hata mwisho wake wenye uchungu, yaweza kufanya kazi ambayo mahubiri elfu hayakuifanya. Na msomaji atazame vizuri: msamaha ule haukumwondolea mkosaji kazi. Ulimtuma mlangoni.

Wala si Wakatoliki peke yao waliojaliwa ushuhuda wa namna hii. Mwaka 1929, huko Namirembe nchini Uganda, daktari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikaa pamoja na Biblia zao, wakasoma na kusali. Na katika miaka iliyofuata ule uamsho ulioshika moto Gahini, mashariki ya Rwanda, ukiwa na watu kama Blasio Kigozi na Yosiya Kinuka, ulienea hata Uganda, Kenya na Tanganyika. Alama iliyowashangaza hata wasioamini ni kwamba watu waliotubu walirudisha walivyoiba: vyombo kwa waajiri, mifugo kwa wenyewe, fedha za deni zilizokuwa zimesahauliwa na mdai mwenyewe. Walikisoma kisa cha Zakayo na wakatoa mifukoni, kama Zakayo alivyotoa.

Najua hoja zinazoletwa kinyume cha rai hii, nazo zastahili jibu la heshima. Wako wasemao kwamba tumeokolewa kwa neema, na kwamba kuhimiza matendo ni kuirudisha sheria mlangoni baada ya kuitoa dirishani. Naafiki kwamba wokovu ni neema. Walakini mtu asiishie katika aya ya 9 ya sura ya 2 ya Waefeso, maana ya 10 inaifuata mara moja, nayo inasema kuwa tuliumbwa kwa ajili ya matendo mema yaliyokwisha kutayarishwa. Wako wasemao kuwa kazi ya kuyaelewa Maandiko ni ya waliosomea. Elimu ni jambo jema, na sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 iliyowataka viongozi wa makanisa wawe na shahada na mafunzo ya dini ina hekima yake. Lakini shahada ya mchungaji haiwezi kumlipia kibarua ujira wake kwa niaba ya mwajiri aliyekaa kwenye benchi la nyuma. Na wako wazee wetu wasiojua kusoma. Hao ndio ninaowaonea matumaini makubwa kuliko wote, kwa kuwa mtu asikilizaye kwa masikio hushika neno kwa kumbukumbu na kutembea nalo shambani. Mjukuu na amsomee bibi aya chache jioni, na bibi amweleze mjukuu jinsi aya hizo zinavyotendwa, kwa maana kila mmoja analo ambalo mwenziwe hana.

Liko jambo moja zaidi ambalo sitaki kulinyamazia. Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, maneno makali yamezidi pande zote mbili za mto, katika simu, katika vijiwe na wakati mwingine hata katika maombi. Watu ambao jana waliuziana unga na sabuni leo wanatazamana kwa shaka. Hapa ndipo sisi tuliopitia tuliyoyapitia tunapopaswa kuwa wasomaji wa makini kuliko watu wote wa dunia. Walawi sura ya 19 inaagiza kwamba mgeni akaaye nasi apendwe kama nafsi zetu, na inatoa sababu: wenye kuagizwa walikuwa wageni wenyewe katika Misri. Ni Mnyarwanda gani ambaye hakuwa mgeni kwa watu, yeye au baba yake au shangazi yake, katika Kongo, Burundi, Uganda au Tanzania? Aya hiyo yatuhusu kwa jina. Basi Mkongo anapovuka daraja na kuingia sokoni kwetu, na Mnyarwanda anapokwenda kwao, bei na iwe moja, salamu iwe moja, na mtu atakayetukana kabila la mwenziwe mbele yetu ajibiwe palepale, kwa upole lakini bila ya kificho.

Ninapendekeza basi jambo jepesi ambalo halihitaji fedha, wala semina, wala ruhusa ya mtu. Katika kila jumuiya ndogo, kila kikundi cha sala na kila nyumba ya Mururu ambamo Biblia hufunguliwa, mkutano wowote usianze na somo jipya mpaka kwanza limeulizwa swali juu ya somo lililopita: tulilitendea nini, na kwa nani? Asiye na jibu asiaibishwe, bali asaidiwe. Mwenye jibu asijisifu, bali aseme kwa ufupi ili wengine wapate njia. Ikiwa wiki nzima imepita na hapana hata mmoja aliyetenda, somo lile lisomwe tena, na tena wiki inayofuata, mpaka pawe na deni lililolipwa, mgonjwa aliyetembelewa, mpaka wa shamba uliorudishwa mahali pake au ugomvi uliosuluhishwa. Huenda tukamaliza mwaka mzima tukiwa katika sura tatu tu za Mathayo. Haidhuru. Vizazi vilivyotutangulia vilikwisha kuisoma Biblia nzima na kuurudia mwanzo, na tumeona hiyo peke yake ilifika wapi. Sisi na tusome kidogo, tukifikishe tulichokisoma kwa jirani, kisha ndipo tufungue ukurasa unaofuata.